Jiwe Namba Arobaini na Moja

Kabla ya kung'oa, tuliyahesabu.
Nilitambaa kwa magoti na chaki ya njano,
namba kila kona, mia mbili na sita,
kutoka mlango wa mahakama ya zamani, hapa Moshi,
hadi pale hakimu alipokuwa akitundika kofia.
Fundi Aisaria nyuma yangu, akigonga kwa konzi:
"Likisema ngo, limelala vizuri.
Likisema bwe, chini pana shimo,
limeishi na njaa miaka yote hiyo."
Niliandika: ngo, bwe, bwe, ngo,
daftari likawa la mtu anayejifunza kusoma.

Mawe ya mlima haya, meusi, yenye vitundu
kama kitumbua kilichosahauliwa mafutani.
Kibo iliyatapika yakiwa uji
siku ambayo hakuna aliyekuwepo kuhesabu.
Kisha watu wakayabeba.
Katika faili la Injinia Masenge
ipo risiti ya misumari, ipo ya punda wawili.
Ya watu haipo.

Kijana wa duka la vifaa alileta saruji,
mifuko kumi ya mkopo. Aisaria akamrudishia getini:
"Saruji ni kaidi, haijui kupumua.
Jasho la ardhi likikosa njia
litapanda ukutani,
na ukuta haujafanya kosa."
Basi chokaa. Tuliiloweka wiki tatu pipani
ikanenepa kama mtindi.
Mchanga wa mto Karanga tukauchekecha mara mbili.
Mikono yangu ilibabuka; usiku niliipaka samli
nikalala nayo juu ya shuka, kama si yangu.

Arobaini na moja lilikuwa kizimbani.
Limelika mahali pawili,
papana kisiginoni, pembamba mbele.
Si kwa kutembea. Kwa kusimama.
Kwa kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule,
mkalimani akitafuta neno.

"Ligeuzeni," akasema injinia. "Upande wa chini bado mpya."
Ni kweli, ufundi unaruhusu:
jiwe lina maisha mawili.
Tukaingiza mitaimbo, tukalipindua.
Chini, chokaa ya kale imeng'ang'ania,
na ndani yake vidole vinne.
Mtu alilisukuma mara ya mwisho,
likakaa, akatoa mkono.
Gumba halikuonekana.

Aisaria hakutoa methali. Aliomba maji, akanywa.
"Sasa, injinia, utaniambia
upande upi ndio wa juu."

Babu yangu alitozwa faini ya kodi
mwaka ambao hakupenda kuutaja.
Huenda alisimama hapa.
Huenda ilikuwa kwingine, kwa Mangi, chini ya bati.
Nilivua buti nikaweka miguu.
Haikuenea. Mimi navaa nane,
na yale mashimo ni ya watu wengi;
watu wengi hawana namba moja.

Tukalirudisha lilivyokuwa, vidole chini, nyayo juu.
Uzi. Nyundo ya mpira. Pimamaji:
kipovu kikayumba, kikafikiri, kikatulia.
Nikagonga mwenyewe kwa konzi.
Ngo.
Injinia akaandika: kasoro, imeachwa kwa makusudi.
Akasaini, akapuliza wino ukauke.

Siku hizi ni ukumbi wa maonyesho ya picha.
Ndeonasia hupiga deki saa kumi na mbili asubuhi,
na kila siku maji hubaki pale pale,
vidimbwi viwili, tambara la mti halifiki.
Mwanzoni aligomba: mafundi gani ninyi,
hela yote ile, sakafu ina mabonde!

Sasa hagombi. Hupiga goti,
hukunja kona ya kitambaa,
hukausha wa kushoto, hukausha wa kulia,
kama unavyomfuta miguu
mtoto asiyetaka kutulia.